Maswali ya Wasomaji: Meli ya Alaska, Nyangumi wa Juneau na Saa ya Kurudi Gatini

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi wenye watoto Seattle na Tacoma. Mtoto amelipa meli ya siku saba kwenda Alaska, na mzazi yuko Nairobi akijiuliza atafanya nini kule meli ikifunga gati. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha marefu pale palipohitaji urefu.

Binti yangu amenilipia safari ya Julai: Seattle, Juneau, Skagway, Ketchikan, kisha Seattle tena. Nina viza ya Marekani. Wakala mmoja wa hapa mjini ameniambia hiyo inatosha, maana safari inaanzia Marekani na kuishia Marekani. Ni kweli? — Mama Njeri, Kahawa Sukari

La, Mama Njeri, na afadhali umeuliza mapema. Karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje ya Marekani, kwa mfano Bahamas au Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kuchukua abiria Seattle, kuwazungusha kwenye bandari za Marekani tu, na kuwarudisha. Lazima iguse nchi nyingine njiani. Ndiyo maana ukisoma ratiba yako vizuri utaona mahali pameandikwa Victoria, mara nyingi jioni ya siku ya mwisho, kwa saa chache tu. Victoria ni Kanada. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Kanada hata kama anapanga kubaki chumbani amelala. Kampuni ya meli hukagua karatasi zako Seattle kabla hujapanda, na asiye na viza hiyo huachwa palepale gatini, nauli ikiwa imeliwa.

Kagua na viza yako ya Marekani: inaruhusu kuingia mara ngapi? Ukitoka Victoria unaingia Marekani upya. Kama ni ya kuingia mara moja tu, mwambie binti yako leo, asingoje kesho.

Tena kuna treni ya Skagway. Safari inayopanda hadi kileleni White Pass na kugeuka hapohapo abiria hashuki. Nyingine zinaendelea mpaka Fraser au Carcross, ndani ya Kanada, na hizo hudai pasipoti mkononi. Soma jina la kituo cha mwisho kabla ya kulipa. Ni treni ya kupendeza, hasa kwa mtu aliyekulia karibu na reli ya zamani ya Mombasa. Zimejengwa karibu miaka ileile, yetu 1896 hadi 1901, yao 1898 hadi 1900, na zote ni za reli nyembamba. Ya kwao ina upana wa milimita 914, yetu milimita 1,000. Hiyo ya Skagway inapanda mita 873 kutoka usawa wa bahari katika kilomita 32 hivi. Ukielekea juu, kaa upande wa kushoto.

Nina uhuru wa kuchagua mwezi. Nataka kuona dubu na nyangumi. Niende lini? — Otieno, Lang'ata

Chagua mnyama kwanza, mwezi utafuata wenyewe. Nyangumi wa nundu huwa wamejaa maji ya kusini-mashariki mwa Alaska msimu wote wa meli, Mei hadi Septemba, kwa hiyo hao wasikusumbue. Dubu ndio wanaoamua. Dubu hufuata samoni, na samoni huingia mitoni kutaga kuanzia Julai. Pembeni ya mto wa barafu wa Mendenhall, Juneau, kuna kijito kinachoitwa Steep Creek chenye njia ya mbao iliyoinuliwa. Kuanzia katikati ya Julai samoni wekundu hufika pale, na dubu weusi huwafuata. Ketchikan, enda Herring Cove, kilomita 13 hivi kusini mwa mji, mwezi wa Agosti. Ukienda Mei utaona dubu wachache ufukweni wakila majani, kwa mbali, na huenda usiwaone kabisa.

Mei ina faida zake: mvua ni haba kuliko miezi mingine, theluji bado iko chini milimani, na bei ni nafuu. Juni ina mwanga. Mtu wa Nairobi aliyezoea jua kuchwa saa kumi na mbili na nusu atashangaa kuona Juneau bado kunang'aa saa nne usiku, na kumekucha tena kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Beba kitambaa cha kufunika macho. Septemba mvua huzidi, ila usiku umerudi, na mbingu ikiwa safi unaweza kubahatika kuona zile taa za kijani za kaskazini.

Ungetuuliza tuchague sisi, tungesema wiki ya mwisho ya Julai au ya kwanza ya Agosti. Utalipa zaidi na utasukumana na watu, lakini samoni wapo.

Tutakuwa Juneau kwa saa tisa tu. Safari za kuona nyangumi ni nyingi mno, na kila moja inadai ndiyo bora. Tuchague vipi, na tukifika tuangalie wapi? Mwaka jana tulikwenda Watamu tukaona mgongo mmoja tu kwa mbali. — Mwanaisha na Salim, South C

Tuanze na Watamu, kwa sababu ina jibu ndani yake. Nyangumi wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba wametoka maji baridi ya kusini, karibu na Antaktika, kuja kuzaa na kutafuta wenza. Hawali kitu cha maana huku. Wa Alaska, miezi hiyohiyo, wako mezani: wanakula samaki wadogo na kamba wadogo mno ili wajaze mafuta, kisha wakati wa baridi wengi wao huogelea hadi Hawaii kuzaa. Nyangumi anayekula hurudia jambo lilelile: anapumua, anazama, anapumua tena. Kwa hiyo mkienda na picha kichwani ya nyangumi anayeruka nje ya maji mwili mzima, mnaweza kurudi mmenuna. Mkienda kutafuta mikia mtarudi mmeshiba, kwa maana mkia mtauona mara nyingi.

Kuchagua safari, ulizeni mambo matatu. Kwanza, muda wa majini ni kiasi gani? Tangazo husema saa tatu na nusu, lakini boti huondokea Auke Bay, kilomita 20 hivi kutoka gati la meli kubwa, na basi huchukua karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Ukitoa kupanga foleni na kuvaa, mmebaki na saa mbili majini. Safari yenye chini ya saa mbili za majini iacheni. Pili, boti inabeba watu wangapi? Boti ya watu mia ina choo kizuri, ina joto, haiyumbi sana, lakini mtagombania ukingo. Boti ya watu kumi hadi ishirini kila mtu yuko karibu na maji, na nahodha anaweza kuwazungusha ili upande wote uone. Salim, kama una mgongo mbovu chukua ile kubwa, kwa sababu ndogo hupigapiga mawimbi ikikimbia. Tatu, kuna sitaha ya nje mnayoruhusiwa kusimama boti ikiwa imezima injini? Kuona nyangumi kupitia kioo chenye ukungu ni kupoteza hela. Bei kwa kawaida ni kati ya dola 150 na 200 kwa mtu.

Msimwamini anayeahidi kuwafikisha karibu. Sheria ya Marekani inakataza boti kumkaribia nyangumi wa nundu wa Alaska chini ya yadi 100, yaani mita 91, na inakataza pia kwenda kumtegea njiani ili akujie. Nyangumi mwenyewe akiamua kuja, hiyo ni bahati yenu, na nahodha ataacha injini ikinguruma polepole mpaka apite.

Sasa kuangalia. Wageni wengi hukodolea maji yaliyo mbele yao. Inueni macho mpaka mahali bahari inapokutana na msitu, kwa sababu mvuke wa pumzi, ambao hupanda mita tatu au zaidi, huonekana vizuri zaidi ukiwa na miti meusi nyuma yake. Ni kama moshi wa jiko uliopulizwa mara moja ukakatika. Mkiuona, anzeni kuhesabu. Atapumua tena baada ya sekunde kadhaa, labda mara tatu, labda tano, mgongo ukiteleza chini ya maji bila haraka. Kisha pumzi moja itafuatwa na mgongo uliopinda sana, nundu ikiinuka juu kuliko mwanzo. Hapo ndipo kamera iwe tayari, maana kinachofuata ni mkia. Mkia ukishazama, ameenda chini kweli: dakika tano, saba, wakati mwingine kumi. Pale alipozamia pataonekana duara laini la maji kama mafuta yaliyomwagika.

Dakika hizo za kungoja ndizo wengi wanazipoteza kwa kulalamika. Futeni lenzi. Pasheni vidole. Tazameni ndege: shakwe wakianza kuzunguka na kupiga kelele mahali pamoja, kuna samaki wanasukumwa juu kutoka chini. Mara chache, na hakuna wa kuwaahidi, nyangumi kadhaa huzunguka chini wakipuliza mapovu, samaki wakafungiwa ndani ya pete ya mapovu kama wavu, halafu vinywa vyote vinatoka juu kwa pamoja. Mkiona pete ya mapovu juu ya maji, msiangalie kwingine.

Jambo moja huwachanganya Waswahili peke yao. Nahodha ataita kwamba nyangumi yuko "two o'clock". Msiigeuze kuwa saa nane! Anataja namba zilizo kwenye uso wa saa, huku kumi na mbili ikiwa omo, tatu ikiwa kulia kabisa, sita ikiwa tezi na tisa ikiwa kushoto. Mbili basi ni mbele kulia. Anayefanya hesabu ya saa za Kiswahili ataelekea nyuma kushoto na kukuta maji matupu.

Kuhusu picha: simu ipigeni video, msivute karibu kwa vidole, kwa sababu mtampoteza. Wenye kamera waweke kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Mkijaliwa, pigeni upande wa chini wa mkia. Mabaka meusi na meupe ya pale hayafanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huyatumia kuwatambua mmojammoja kama sisi tunavyotumia alama za vidole.

Kichefuchefu kisiwatishe. Maji ya Auke Bay yamekingwa na visiwa. Mwenye tumbo jepesi amuulize mfamasia hapa Nairobi dawa ya safari, na aimeze kabla ya kupanda, si baada ya tumbo kuchafuka.

Nikinunua matembezi kupitia meli ni ghali. Nikinunua mwenyewe mtandaoni ni nafuu. Nikichelewa, meli itanisubiri? — Kipchumba, Ruaka

Ukinunua kupitia meli na basi lao likachelewa, watakusubiri, au watakusafirisha hadi bandari inayofuata. Ukinunua mwenyewe ukachelewa, meli inaondoka. Na Juneau si mahali pa kukimbiza meli kwa teksi, kwa kuwa hakuna barabara inayotoka mjini pale kwenda popote. Ni ndege au feri.

Hiyo haina maana ununue kila kitu kwa meli. Treni ya Skagway iko hatua chache tu kutoka gatini, hatari ni ndogo, nunua utakavyo. Mjini Ketchikan samoni wa Ketchikan Creek utawaona bure ukisimama darajani. Lakini angalia meli yako inafunga wapi: baadhi hufunga Ward Cove, kilomita 11 hivi kutoka mjini, na utategemea basi. Kwa nyangumi wa Juneau, nunua mwenyewe ikiwa tu safari inakurudisha saa mbili kamili kabla ya meli kuondoka. Saa ya mwisho ya kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo saa zako mbili tayari zimekuwa moja na nusu.

Mahali ambapo meli hutia nanga katikati ya maji na abiria wakapelekwa pwani kwa mashua ndogo, walionunua kwa meli hushushwa kwanza. Usijipangie chochote ndani ya saa moja na nusu ya mwanzo.

Na saa yenyewe: Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, na nyuma ya Nairobi kwa saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao. Simu inaweza kubadilika yenyewe kabla meli haijabadilika. Vaa saa ya mkononi, iweke saa ya meli, usiiguse tena mpaka meli itangaze. Tiketi iandikie pembeni kwa kalamu: 2:00 p.m., saa nane mchana. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili akiwa amechoka hukosea hapo kuliko mahali pengine popote. Beba pia nakala ya pasipoti na karatasi ya ratiba ya siku, ambayo ina namba ya wakala wa meli bandarini.

Nivae nini? Na darubini yangu ya Maasai Mara itafaa? — Wairimu, Kasarani

Julai mchana Juneau hufika nyuzi 17 au 18 za Selsiasi. Ukisikia hivyo utasema ni Limuru tu. Tatizo ni kwamba Limuru husimami juu ya boti inayokimbia kwenye manyunyu. Vaa tabaka tatu: la ndani la sufu au polista, la kati zito, la juu la kuzuia maji na upepo. Jinzi na fulana za pamba ziache chumbani. Pamba ikilowa inashika maji yote, na hayo maji yanakunyonya joto mpaka utakapovua.

Koti la juu huhitaji kulinunua dukani kwa bei ya ajabu. Gikomba yapo. Enda na chupa ya maji. Mwaga kidogo begani: maji yakijikusanya kuwa matone na kuteleza, vizuri, yakinywewa na kitambaa, kuna dawa za kunyunyizia za kulirudisha, ila punguza bei. Kisha ligeuze ndani nje utazame mishono. Koti la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono, kwa sababu maji huingia kwenye tundu za sindano. Utepe ukibanduka, au ngozi ya ndani ikimenyeka vipande vyeupe kama mba, limekufa. Rudisha, hata kama muuzaji anakuapia. Ongeza glavu jozi mbili, nyembamba ndani ya nene, na kofia inayofunika masikio.

Darubini za safari nyingi hapa kwetu ni 10x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ndani ya gari lililozimwa 10 ni tamu. Juu ya boti kila mtikisiko wa mkono nao unakuzwa mara kumi, na nyangumi anacheza dansi. Tafuta 8x42 au 7x50. Ukivaa miwani, zungusha vile vikombe vya mpira vishuke chini. Fanya mazoezi kabla hujasafiri: wale marabu wanaokaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo wanatosha. Mtazame ndege kwa macho, usiondoe macho, ndipo uinue darubini. Anayeshusha kichwa kutafuta darubini humpoteza ndege, na nyangumi vilevile.

Safari ya helikopta kutua juu ya barafu: inafaa gharama? — Msomaji, Westlands

Inafaa, ukijua mara nyingi inaahirishwa. Mawingu yakishuka haziruki, na utarudishiwa hela zako siku hiyohiyo ambayo safari nyingine zote zimeshajaa. Bei mara nyingi huzidi dola 350, utapimwa uzito ukiwa na nguo zote, na kampuni nyingi huongeza malipo kuanzia ratili 250, yaani kilo 113. Chukua ya asubuhi, uwe na mpango wa pili. Mendenhall unaonekana kutoka chini, na njia ya kwenda maporomoko ya Nugget Falls ni kilomita tatu na kidogo kwenda na kurudi, tambarare.

Kama ratiba yako ina Glacier Bay, unaweza hata kuacha helikopta. Ni hifadhi ya taifa inayoruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na walinzi wa hifadhi hupanda melini kueleza. Hakuna anayeshuka. Mwaka 1794 karibu ghuba yote hiyo ilikuwa barafu tupu. Tangu hapo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Usigombanie upande wa sitaha mbele ya ukuta wa barafu wa Margerie, maana meli hugeuka ili pande zote zione. Ila usingoje mlio. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 700 kutoka ukutani, ukisikia ngurumo, barafu imeanguka sekunde mbili zilizopita. Tafuta sehemu inayomwaga vipande vidogovidogo, uikazie macho hiyohiyo.

Tukitembea msituni na dubu akatokea? Huko hakuna gari la kukimbilia. — Baba Brian, Umoja

Tembeeni kundi, ongeeni kwa sauti, msibebe chakula wazi. Dubu anayewasikia mapema huondoka. Akitokea, msikimbie, maana atawakimbiza, na anawashinda mbio. Simameni pamoja, ongeeni kwa sauti ya kawaida, rudini nyuma polepole mkimwachia njia. Dawa ya kupulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege wala kwenye meli nyingi, kwa hiyo mwacheni kiongozi wa matembezi aibebe yake.

Wajukuu wanataka picha ya dubu mweupe na ya pengwini. — Nyanya, Karen

Nyanya, pengwini wako nusu ya kusini ya dunia. Huko kaskazini hakuna hata mmoja. Dubu weupe wapo Alaska, lakini kwenye pwani ya Aktiki, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Juneau, na meli yako haifiki huko. Wapigie wajukuu picha ya tai mwenye kichwa cheupe: tafuta kitu kama yai juu kabisa ya mti mweusi. Ni jamaa wa karibu wa furukombe wetu wa Naivasha, ila kwa sauti furukombe anamshinda.